Mabango ya Mzee Oreste na Kisu cha Baba Yako

Mwanangu Zuhura,

Salamu ulizipata mezani mchana, na za kesho nitakupa uwanja wa ndege ukizitaka, kwa hiyo hapa siweki nyingine. Mambo ya koti la baridi, nyama ya kuchinjwa na kutompa mtu begi lako akushikie, mkaza mjomba wako ameshakwambia mara tano na atakwambia mara ya sita. Mimi ninalo jingine. Tangu ulipotusomea ule ukurasa wako baada ya biriani nimeduwaa. Uliniona natoka nje ukadhani nimekwenda kuangalia matairi. Sikuangalia tairi. Nilikaa ndani ya gari kwenye joto hili la Rayyan, hapa Doha, la saa nane mpaka shati likanata kitini, na sikuwasha kiyoyozi kwa sababu nilisahau kama kipo.

Ulisema shule ya Italia imewataka wanafunzi wapya waje na ukurasa mmoja, kila mtu asome siku ya kwanza mbele ya wote, aeleze kwa nini anataka kazi ya kuchora mabango. Ukatusomea kwa Kiswahili ili na mimi wa darasa la tano nielewe. Sentensi ya tatu nimeishika kama ilivyo: "Baba yangu Idi aliharibu mabango ya Mzee Oreste kwa kisu chake, na mimi nakuja kuifuta aibu ya baba yangu." Mkaza mjomba wako akasema mashallah. Watoto wakapiga makofi. Mimi nilibaki na tonge mkononi, halipandi halishuki.

"Mjomba, mbona umenyamaza?" ukaniuliza. "Si wewe uliyenisimulia?"

Ni mimi. Miaka yote ni mimi. Sasa nakusimulia upya, na safari hii sitii chumvi. Wewe unanijua: nikikwambia nimemwona ngamia akisubiri taa za barabarani pale Corniche, unamwondoa ngamia, unabakiza taa. Leo usiondoe kitu.

Mwaka ule Lusail ilikuwa mchanga mtupu na vijiti vyenye utepe, na huku West Bay winchi zilikuwa nyingi kuliko minara. Nilikuwa dereva wa hoteli. Dereva mzuri, hilo waulize. Sijawahi kukwaruza gari, hata la mtu mwingine. Baba yako alikuwa na mwaka mmoja Doha. Nilimleta mimi. Mama yako, dada yangu, alikuwa ameshafariki, wewe umebaki kwa bibi, na Idi kule Tanga alikuwa kwenye kibanda chake akitengeneza fremu za picha za harusi na za aya za Kurani. Nilimwambia mudir, meneja wa hoteli, kwamba nina shemeji anayeunga pembe za mbao mpaka ukucha haupiti. Hilo sikuongeza. Wakampa kazi karakana, kule chini.

Ndipo akaja Mzee Oreste. Umri umepita tisini, suti nyeupe, fimbo, na binti yake Donata, huyuhuyu unayekwenda kusoma kwake. Walileta makreti ya mabango ya zamani yaonyeshwe kwenye ukumbi wa hoteli. Nikapangiwa kuwaendesha wiki tatu. Siku ya kufungua kreti mudir alisimama pale, anaonyesha kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Chupa," akajibu Donata.

"Na hii?"

"Chupa."

"Na huyu mwanamke anacheza na nini?"

Mzee mwenyewe akajibu, "Na chupa."

Nusu ya maisha ya yule mzee ilikuwa matangazo ya pombe, na nusu hiyo ikarudi ndani ya kreti, ikapigiliwa misumari. Yakabaki ya kofia, viatu, tairi, kahawa, baiskeli na treni. Alicheka. Akaniambia kwa Kiingereza chake kibovu, nami nikaelewa kwa changu kibovu zaidi, "Nilijua nitakufa, sikujua nitakufa nusunusu."

Aliyokuwa akinieleza njiani ni ya kweli, na ndiyo ninayotaka uende nayo. Aliingia kiwanda cha uchapaji ana miaka kumi na mitatu, akapewa kazi ya kusugua mawe. Zamani, mwanangu, bango lilichorwa juu ya jiwe. Jiwe zito kama ndama, linasuguliwa kwa mchanga na maji mpaka linakuwa laini, mtu anachora juu yake kwa kalamu ya mafuta, wanapaka wino, wanakandamiza karatasi. Kila rangi na jiwe lake. Bango la rangi tano, mawe matano. Wakishachapa, jiwe linasuguliwa tena, picha inafutika, inachorwa nyingine. Miaka minne alikuwa anafuta picha za watu wakubwa. Nikamuuliza kama haikumuuma. Akasema ndivyo alivyojifunza, maana huwezi kusugua picha ya mtu siku nzima bila kuona mkono wake ulipita wapi.

Na unachora kinyume. Herufi zote zinatazama upande usio wake, ili karatasi ikilala zigeuke. Siku moja tumekwama foleni ya mzunguko akaandika SEFU kinyume kwenye karatasi ya kupangusia mikono, akaielekeza kwenye kioo cha gari, na jina langu likasomeka vizuri kabisa, limepambwa kama la mfalme. Nilishtuka mpaka aliye nyuma yangu akapiga honi.

Alipopewa jiwe lake la kwanza alichora kiatu. Kiatu kimoja tu, kikubwa, kinapanda ngazi peke yake. Bwana mkubwa wa kiwanda akamwambia mtu yuko wapi. Yeye akasema mtu ni yule atakayesimama kulitazama. Kuanzia hapo alipanda. Alichora akiwa kijana, vita vikaja akachora alivyoamriwa, na hayo hakuyapenda, kila alipoyafikia katika maneno alitazama nje ya dirisha. Vita vikaisha akachora baiskeli na kahawa, maana watu walikuwa na hamu ya kwenda mahali na hamu ya kukaa. Akapata tuzo, akapata jina. Halafu zikaja picha za kamera. Kiwanda kikauzwa. Mawe mengine wakayatandika uani, watu wanayakanyaga. Mzee Oreste mwenye tuzo akawa anapaka vibao vya maduka ya aiskrimu, miaka mingi, mpaka watu wa mjini wakaanza kuyatafuta mabango yake ya zamani kwenye mastoo na kuyaita hazina. Akaniambia, "Sefu, walinisahau nikiwa na nguvu, wamenikumbuka nikiwa siwezi kushika kikombe." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Sasa sikia habari ya Livio, maana mambo yote yamo humo. Oreste alichora watu na vitu. Herufi hakuziweza. Herufi zilichorwa na Livio, walikaa meza moja miaka ishirini. Livio hakupata tuzo wala hakuandikwa gazetini. Lakini chini ya kila bango, kwenye ule ukingo mweupe, mchapaji aliweka maandishi madogo kama sisimizi, na mwisho wa mstari kulikuwa na jina la Livio. Alifariki mapema, hakuoa, hakuacha mtoto. Mabango mengi yaligundishwa ukutani yakaliwa na mvua, mengine wanunuzi wakayakata kingo. Yaliyobaki na ukingo mzima yalikuwa manne. Yote manne yalikuwa Doha, kwenye ukumbi wetu. Habari hii ya jina mimi niliambiwa baadaye, nikiwa nimeshachelewa.

Donata hakutaka mabango yashuke karakana kabla fremu hazijawa tayari. Kwa kuwa nilishinda nao, baba yako akanipa futi nikampimie. Akaniambia, "Shemeji, pima karatasi nzima, mwisho hadi mwisho." Nikamwambia, "Wewe Mdigo utanifundisha kupima? Jicho langu ni futi." Na kweli, yale makubwa nilipima kwa futi. Manne ya mwisho Mzee alikuwa ananisubiri garini, nikapima kwa shibiri, nikaandika namba kwa kujiamini kama injinia. Idi akatengeneza fremu sawasawa na nilivyoandika.

Ijumaa ya ufunguzi mabango manne hayakuingia. Yalizidi fremu vidole viwili chini na juu. Baba yako alikuwa amekwenda kuswali na ilikuwa nusu siku yake ya mapumziko. Mimi nilikuwa zamu. Mudir akapita mlangoni, "Sefu, kuna tatizo?"

"Mafi mushkila, mudir," nikasema. "Hakuna tatizo. Niachie mimi."

Kusema nimepima vibaya kulihitaji pumzi moja tu. Wangeahirisha yale manne siku mbili, basi. Lakini nilikuwa nimeshawaambia hoteli nzima kwamba mimi na Idi ndio tunaojua kazi ile. Na mwanangu, sikuona ubaya. Kwetu Tanga mtu akileta kalenda yenye picha ya Makka, fundi hukata ule weupe wa pembeni ili picha ijae fremu. Asipokata wanasema fundi mvivu. Nikachukua kisu cha Idi kwenye meza ya Idi, nikakata. Manne yote. Vile vipande nikavitia kwenye mfuko mweusi, nikauweka nyuma ya jiko na takataka nyingine. Yakaingia kwenye fremu, yakapendeza. Nikajipongeza kwa kikombe cha chai.

Alasiri Mzee akaja kabla ya wageni. Akasimama mbele ya bango la baiskeli. Akaweka kiganja chini ya kioo, pale karatasi inapoishia. Akauliza, "Livio yuko wapi?"

Nikatazama mlangoni, nikidhani kuna mgeni anayemsubiri. Akaenda la pili. "Livio yuko wapi?" La tatu. Alipofika la nne hakuuliza tena, aliketi kwenye kiti cha ukumbini na kofia yake magotini, na Donata ndiye aliyetueleza, akiwa mweupe kama ule ukingo wenyewe. Halafu akasema neno ambalo bado linanitoa jasho: vipande vikipatikana, vinaweza kugundishwa, kuna mafundi wa kazi hiyo kwao, haitaonekana.

Vilikuwa hatua arobaini kutoka niliposimama. Nilizihesabu baadaye. Lakini nikionyesha mfuko nitaulizwa nimejuaje. Nikafunga mdomo. Alfajiri gari la taka likapita.

Mudir akauliza, "Nani amekata?"

Nikasema, "Fundi ni Idi."

Maneno hayo tu. Sikusema Idi kakata. Miaka yote nimejiambia hivyo, kwamba ukiyatazama maneno yangu huoni uongo ndani yake. Nakuachia funzo hili bila kulipamba: uongo mkubwa kuliko wote niliosema maishani, na nimesema wa kutosha, ulikuwa wa maneno matatu, na yote yalikuwa kweli.

Baba yako akaitwa, akaja na kanzu yake ya Ijumaa. "Wewe ndiye fundi?" "Ndiyo, bwana." "Kisu hiki chako?" "Changu." Akalitazama lile bango la baiskeli muda mrefu. Akaitazama mikono yangu. Halafu akamgeukia Mzee, si mudir, akamwambia, "Samahani sana, baba." Siku ya nne alikuwa kwenye ndege.

Kulikuwa na Mkenya mlinzi wa mlango wa nyuma, Otieno. Jioni ile akaniuliza, "Sefu, si ni wewe ulikuwa huko chini mchana?"

"Nilipita tu."

"Ulipita na kisu?"

Nikacheka, na yeye akacheka. Akasema, "Sawa, mzee, mimi simo. Lakini ungekuwa ndugu yangu ningekukimbia." Nikalichukulia kama utani.

Na Mzee Oreste, siku ya kuwapeleka uwanja wa ndege, Donata amesinzia kiti cha nyuma, akaniambia, "Fremu za yule fundi ni nzuri. Mtu anayeunga pembe hivi hakati hivi." Akawa ananitazama. Nilibana usukani, nikampa habari za daraja jipya. Hakurudia. Sijui kama alimwambia binti yake kabla ya kufariki. Ndiyo maana ukurasa wako umenitia baridi: huenda utasimama mbele ya mtu anayejua kwamba baba yako hakufanya, ukamwombea radhi.

Nilipokuja likizo Tanga watu wakaniuliza kwa nini Idi alirudishwa. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikapanda barazani, na katika hadithi yangu nikawa mimi ndiye niliyemnyang'anya Idi kisu, Mzee akalia begani kwangu, akaniambia Sefu wewe ungekuwa mchoraji. Wakamwita baba yako Idi Kisu, mpaka watoto wa shule. Wewe ulikuwa na miaka tisa, umekaa kwenye mkeka wa bibi, ukacheka nao. Nilifurahi ulivyocheka. Baba yako alikuwa mlangoni na bilauri ya maji aliyoniletea mimi.

Ukaja hapa ukubwani, ukapata kazi duka la makumbusho, ukalala chumba cha wanangu, ukachora kila usiku, na kila ukimtaja Mzee Oreste ulinitaja na mimi. Baba yako ulimtaja kama mtu anavyotaja kovu. Nilikuwa nakusikia. Raha ya kusifiwa na mtoto ni tamu, Zuhura. Nilikula sifa za baba yako miaka yote hii sikuvimbiwa hata siku moja. Mpaka leo mchana.

Kule garini nikampigia. Alipokea kwenye kibanda, nasikia msumeno unasimama.

Nikamwambia, "Shemeji, ni mimi niliyekata yale mabango."

Akasema, "Leo ndiyo unaniambia?"

"Leo."

"Sefu, mkato ule ulikuwa umepinda kama mkia wa ng'ombe. Unadhani niliutazama muda wote ule natafuta nini? Nilikasirika kuliko kama wangeniita mwizi. Yaani watu waseme ule ni mkono wangu."

Zuhura, nilijiona kama nimemwagiwa maji. Alijua. Alijua siku ileile, kabla mudir hajamaliza kuuliza. Nikamwuliza, basi kwa nini hukusema?

Akasema, "Ungerudishwa wewe, na mkeo mjamzito, na watoto wawili pale. Mimi mwanangu alikuwa Tanga. Nilikuwa na mwaka sijamwona. Nikasema, mlango huu kaufungua mpumbavu, acha nipite."

"Walikuita Idi Kisu."

"Waliniita nikiwa nyumbani. Nilimpeleka shule asubuhi, nikamchukua mchana. Wewe umewahi kumchukua mtoto wako shule mchana?"

Nikamwambia habari ya ukurasa wako. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. Akaniuliza umeandika vipi, nikamsomea ninavyokumbuka. Kisha akasema, "Usimwambie. Anakupenda. Mwache aende na moyo mzima, atajua akishakua."

Umeshakua. Na mimi nimeshindwa kumtii, kama nilivyoshindwa kumpimia karatasi nzima mwisho hadi mwisho.

Sikuombi unisamehe kesho. Nitakuwa garini saa kumi na moja alfajiri kama tulivyopanga. Ukiona huwezi kukaa na mimi, mkaza mjomba wako atakuitia teksi, nimemwambia asikuulize sababu. Chini ya karatasi hii kuna nyingine niliyomwandikia Donata. Kiingereza chake kitamchekesha, lakini neno lenyewe limo: mimi ndiye niliyekata, na mfuko nilijua ulipokuwa. Mpe au usimpe, ila ukurasa wako usiusome kama ulivyo. Andika mwingine njiani. Unaweza kuanza na mtu aliyesugua mawe miaka minne, unaweza kuanza na Livio. Mimi sitakupangia, niliyokupangia yametosha.

Saa ya Tanga na ya hapa ni moja. Sasa hivi hajafunga kibanda. Ulisema utampigia ukishafika Italia; mpigie leo. Yeye hajui kwamba unajua, na kumwambia au kutomwambia ni juu yako. Ila akipokea usianze na hayo. Muulize anatengeneza nini. Hujamuuliza tangu una miaka tisa.

Mjomba wako,
Sefu